Swali la Jirani

Jumatano, tarehe 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Mwanao sasa hivi kanikimbiza bure. Nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia sauti nzito kutoka jikoni, "Mkwe! Maziwa yanamwagika!" Nikaitupa shuka kwenye matope, mbio. Nafika, hakuna maziwa wala moto. Yuko yeye tu, kapanda juu ya kigoda, mkono kiunoni, taulo kajifunga kichwani kama bibi yake. Mama mkwe mwenyewe alikuwa chumbani anakoroma. Nikamuuliza, "We mtoto, mkwe wako nani?" Akanijibu, "Wewe. Na umechelewa."

Haya, ndiye Chiriku wako huyo. Miaka mitatu na nusu, ulimi wa miaka arobaini. Amegundua kwamba nikiitwa Mama nasema subiri, nikiitwa Mkwe nakuja mbio. Basi Mama nimeshakufa, amebaki Mkwe.

Simu yangu bado ni marehemu tangu alipoiogesha kwenye beseni, ndiyo maana nakuandikia. Dereva wa gari la chanjo amekubali kuwa posta yetu. Kila Alhamisi anakuja huko kwenye hospitali yenu kuchukua chanjo na jioni anarudi huku. Usinicheke mwandiko. Darasa la saba langu unalijua, nusu yake nilikuwa natazama nje dirishani.

Sasa habari yenyewe. Kile kifafa hakijatulia. Ndani ya mwezi kimemwangusha mara nne. Juzi Jumapili alikuwa ananisimulia habari za kuku, neno likakatikia njiani, akakakamaa, midomo ikawa rangi ya majivu. Nikamlaza ubavu na kuhesabu moyoni kama ulivyonifundisha. Nilifika mia na arobaini. Dada, mia na arobaini ni mbali sana.

Dawa nampa. Asubuhi na jioni, mpaka mstari wa tano wa lile bomba la plastiki, na chupa inaisha siku ile ile aliyosema tabibu. Mama mkwe ni shahidi, maana kila Ijumaa anaiinua juani kuangalia imefika wapi, utadhani mkaguzi wa serikali.

Lingine dogo. Kuna jirani hapa ana mtoto anayetumia dawa kama hii. Anauliza hivi: mtoto akinywa yote anakaa tu, macho kayakodoa, mate yanamtoka, mpaka nyumbani wanamwita gunia. Akinywa nusu anacheka, anasema, ni mtoto. Je, si afadhali ile nusu kila siku? Nimemwambia nina dada muuguzi ambaye sasa anasomea kuandika dawa mwenyewe kama daktari, nitamuuliza. Nijibu, anangoja.

Mama mkwe anakusalimu. Anasema ukimaliza shule umwandikie dawa ya magoti, na iwe tamu.

Mdogo wako,
Mama Chiriku


Jumapili, tarehe 8 Februari

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako kwenye foleni ya chakula, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakasogea. "Umechelewa"! Mbusu huyo mama mkwe wa uongo kwa niaba ya mama yake mkubwa.

Huku kichwa kinachemka. Miaka tisa nimekuwa nikigawa dawa walizoandika wengine. Nilidhani naijua dawa kwa kuwa naishika kila siku, kumbe nilikuwa naijua kama dereva wetu anavyoijua chanjo: anaibeba, ikifika salama anashukuru Mungu. Sasa wanatufundisha inakwenda wapi ikishamezwa. Ini linaikatakata, figo zinaitoa, na kila dawa ina mwendo wake. Ile ya mwanangu ni mgeni asiyejua kuaga. Ya leo inaikuta ya juzi bado imekaa sebuleni, na ya kesho inakuja kuzikuta zote mbili. Ndiyo maana kiwango chake hupandishwa na kuachwa wiki mbili au tatu kabla ya kukihukumu.

Anayetufundisha ni mama mmoja mfupi, sauti kama ya mnada. Tunamwita Bi Kwanini. Juzi aligonga ubao mpaka chaki ikavunjika. "Mgonjwa wako hajapona. Unaongeza dawa?" Darasa zima, "Ndiyo!" Akasema, "Mmeshamuua. Swali la kwanza si uongeze ngapi. Swali la kwanza ni hili: ile ya jana iliingia mdomoni?" Tulicheka, lakini tuliandika.

Kwako sina haja ya kuliuliza. Mama mkwe wako na chupa yake juani wananitosha.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kumpa tabibu wenu. Nimepiga hesabu kwa uzito wa kilo kumi na nne ulionitajia mwezi uliopita. Kiwango anachopewa ni cha chini, na kwa kuwa anakinywa chote na bado anaanguka, kuna nafasi ya kukipandisha kiwe mara mbili yake. Sina kibali cha kuandika dawa bado, kitatoka Juni, basi nimeandika "ushauri" tu. Lakini nimetia sahihi. Ndiyo dawa yangu ya kwanza, mdogo wangu, na nimefurahi kwamba ni yake.

Jirani mwambie aache mchezo. Dawa hunywewa kama ilivyoandikwa, basi.

Dada yako


Jumatano, tarehe 18 Februari

Dada yangu,

Chiriku amelala. Nimemwita mara mbili sasa hivi, amefungua jicho moja akalifunga. Nakuandikia nikiwa nimekaa pembeni yake.

Ijumaa tulimpelekea tabibu karatasi yako. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Akasema, "Huyu dada yako ana mwandiko wa mwalimu na kichwa cha daktari." Nikaona fahari mpaka masikio yakapata moto. Akamwinua Chiriku kwenye mzani, kilo kumi na nne kamili. Halafu akaweka kalamu chini akaniangalia. "Mama, anakunywa yote?"

Nilifungua mdomo. Lakini mama mkwe alikuwa ameshadaka. "Chupa naishika mimi! Hakuna tone linalopotea kwenye nyumba yangu!" Tabibu akacheka, akasema basi yuko kwenye mikono salama, akaandika. Mimi mdomo wangu ulikuwa bado wazi, nikaufunga.

Sasa ni mstari wa kumi, asubuhi na jioni. Tangu siku hiyo nampa yote, Dada, mpaka tone la mwisho, bomba nalisuuza na maji na maji nampa. Ulisema dawa hunywewa kama ilivyoandikwa, na wewe ndiye uliyeandika. Jirani naye nimemwambia, ameacha mchezo.

Analala sana. Akisimama anayumba kama mlevi wa siku ya malipo, juzi aligonga paji la uso mlangoni na wala hakulia. Tangu Jumapili hajaniita Mkwe. Mama mkwe anasema ni dawa inapigana na ugonjwa, tuiache imalize vita. Ni kweli?

Jana kifafa kilimjia tena, lakini kidogo, mkono mmoja tu. Usiwe na hofu. Nimeshajua kwa nini hakijatulia na nimejua la kufanya. Kuna haki yake ilikuwa imekaa mahali, nimeanza kumrudishia.

Niombee.

Mdogo wako,
Mama Chiriku


Alhamisi, tarehe 19 Februari, jioni

Mdogo wangu,

Nilikuwa wodini, barua yako nimeikuta mlangoni na dereva ameshaondoka. Simu ya kliniki nimepiga mara kumi na moja, inaita tu. Karatasi hii nampa kondakta wa basi la alfajiri.

Usimpe tena. Wala kidogo. Mtoto anayeyumba na kujigonga bila kulia hapigani vita na ugonjwa, amezidiwa na dawa. Mchukue mgongoni umpeleke kliniki sasa, ukisoma hapa usimalize ukurasa. Asilazwe chali. Waambie wahesabu anavuta pumzi ngapi.

Na haki gani hiyo unamrudishia? Haki gani?

Dada


Jumamosi, tarehe 21 Februari

Kwa Muuguzi, Shule ya Wauguzi

Ndugu,

Salaam. Nilipiga simu ofisini kwenu jana nikaacha ujumbe. Haya ndiyo maelezo yake.

Mtoto wa mdogo wako aliletwa kliniki jana Ijumaa, saa nne asubuhi, akiwa haamki kwa sauti wala kwa kufinywa. Alikuwa anavuta pumzi nane kwa dakika. Tulimsaidia kupumua kwa mkono, mimi na mhudumu kwa kupokezana, hadi gari la chanjo liliporudi kutoka kwenye safari zake na kumpeleka hospitali kubwa. Njia nzima nilikuwa naye. Kuna dakika kadhaa kwenye ile njia mbaya ambazo sina hakika nazo.

Nimeikagua chupa. Imepungua sawasawa na kiwango tulichoandika, hakuna kilichozidi. Hivyo sina maelezo isipokuwa kwamba mwili wake haustahimili dawa hii. Nimeandika hivyo kwenye faili. Nimeandika pia kwamba kiwango kilipandishwa kwa ushauri wako wa maandishi, na karatasi yako nimeiambatisha. Sahihi ya mwisho ni yangu na sijaikana. Lakini wakubwa wameuliza, na sikuwa na namna.

Nasikitika sana. Mama yake hajala tangu jana.

Tabibu


Jumatano, tarehe 18 Machi

Dada yangu,

Mwanao sasa hivi amemeza vijiko sita vya maziwa bila kupaliwa. Sita! Jana vilikuwa vinne. Nimeviwekea alama za mkaa ukutani, na mama mkwe ameziona alama hakusema kitu, yeye anayefuta kila doa.

Tuliruhusiwa Jumamosi. Anafungua macho, anatufuata nayo tukipita. Akishikwa kwapani anakaa kidogo, halafu kichwa kinamzidi. Kusema hasemi. Daktari wa hospitali kubwa alituambia ubongo wake ulikosa hewa kwa muda, kwamba watoto wengine hurudi na wengine hurudi nusu, na yeye hapendi kubashiri. Nilimpenda kwa kutobashiri, maana pale asipobashiri mimi naweza kuweka langu.

Dawa wamempunguzia mpaka mstari wa pili, kwa kuwa faili linasema mwili wake hauistahimili. Wiki hii ameanguka mara tatu. Na akianguka, Dada, kile kidogo kilichorudi kinarudi nyuma.

Barua yako ya haraka ililetwa Jumatatu, siku ya nne tuko hospitali. Niliisoma yote, ingawa uliniambia nisimalize.

Ulipokuja hospitali ulimgeuza, ulimsafisha, ulibadilisha shuka, ulizungumza na wauguzi kwa lugha yenu. Mimi hukuniangalia usoni. Ulikwenda nyumbani kutuletea nguo, ukarudi, ukaziweka kitandani, ukaondoka hata kuaga hukuaga. Nikasema ana hasira, ana haki. Lakini tuliporudi nyumbani nilienda kwenye pipa la unga, nikapapasa nyuma yake, kopo langu la mafuta halipo.

Nikikuambia habari ya kopo hilo utajua yote. Basi acha nikuambie, kwa maana naona litaniua likibaki kifuani.

Hakuna jirani.

Nilikuwa navuta dawa mpaka mstari wa tano mbele ya mama mkwe. Halafu nageuka kumwelekea mtoto, namsukumia mpaka katikati, naficha bomba kwenye kanga, na nikienda kuliosha ile nusu naimimina kwenye kopo. Sikuimwaga. Dawa haimwagwi, si ndivyo Mama alivyotulea? Ilikuwa hivyo tangu mwezi wa kumi na moja. Akinywa yote alikuwa anakaa pembeni ya mlango anatazama hewa, na mama mkwe akipita anasema, "Tumeletewa gunia." Hakusema kwa ubaya, ni mdomo wake. Lakini mimi nilimzaa Chiriku. Nilitaka kuitwa Mkwe na mtu anayenicheka, ndivyo tu. Nikasema kifafa nitakihesabu, kinaisha, anaamka, anaendelea na habari za kuku.

Karatasi yako ilipokuja niliogopa nikaamua kuwa mkweli. Nikaanza kumpa yote, lile jipya. Kifafa kilipomjia tena nikajua ni adhabu ya zile nusu. Nimemwibia mtoto wangu miezi mitatu. Nikasema nimrudishie kilicho chake. Jumanne vijiko vitatu kutoka kwenye kopo, juu ya dawa yake. Jumatano vitatu, nimeshamaliza kukuandikia. Alhamisi vinne. Ijumaa asubuhi nilikikomba kilichobaki kwa kidole, akakinyonya kidole changu, akalala.

Sasa kopo halipo. Nadhani mama mkwe amelipata na anangoja mume wangu arudi kutoka kwenye ujenzi ndipo alitoe mbele yake. Juzi alisema "Mkwe, njoo hapa", nikaenda nikijua ndiyo saa yenyewe, kumbe anataka nimtungie uzi kwenye sindano.

Nifanye nini?

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Kopo ninalo mimi.

Nilikwenda kuchukua nguo nikaona nimpikie mama mkwe wako chochote, nikasogeza pipa la unga. Kopo la mafuta ya kupaka, lakini ndani hakuna harufu ya mafuta. Nikagusa ukingo kwa ulimi. Uchungu ule uliofunikwa na sukari naujua, miaka tisa nimewabembeleza watoto waumeze. Nikaketi sakafuni. Hakuna mtu aliyenieleza na nilielewa kila kitu, hata ile "haki yake". Nikalitia kopo mkobani. Sikukuangalia usoni kwa sababu ungeona.

Wiki jana waliniita mbele ya jopo. Watu watano, na Bi Kwanini katikati. Karatasi yangu ilikuwa mezani, sahihi yangu ya fahari pale chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia darasani. "Ulimwona mgonjwa?" Hapana. "Una kibali?" Hapana. "Lile swali la kwanza, ulimuuliza mama yake?" Nikasema hapana. Mkoba ulikuwa magotini pangu, na kopo ndani ya mkoba. Kiwango nilichopendekeza peke yake kisingemfikisha pale, yeyote kwenye jopo angepiga hesabu akaona. Ningeliweka kopo mezani wangesema aliyekosea ni mama. Nililishika. Nikaliacha.

Usinishukuru. Ngoja nimalize.

Jirani yako hakuwa na mlango, wala mtoto wake hakuwa na umri. Nakujua tangu una meno mawili. Kila sahani iliyovunjika nyumbani uliyeivunja ulikuwa wewe na aliyesingiziwa ni paka, na hatukuwahi kuwa na paka. Nilimjua jirani, mdogo wangu. Pale pale kwenye foleni, nikicheka, nilimjua. Halafu nikakunja barua nikajiambia labda yupo. Kwa sababu kama hayupo, basi hakuna karatasi ya kuandika, kuna swali la kuuliza tu, na mimi nilikuwa na hamu ya kuandika. Nilikuwa na kikokotoo, na uzito, na kalamu mpya. Nikamjibu jirani kwa mstari mmoja ili aondoke.

Sentensi moja ingetosha. Kwamba anayetoa nusu kwa siri siku akiandikiwa mara mbili atakuwa anampa mtoto mara nne kwa hatua moja. Niliijua sentensi hiyo. Iko kwenye daftari langu, ukurasa wa siku tatu kabla ya barua yako.

Wameniondoa kwenye darasa la kuandika dawa. Ninarudi wodini mwezi ujao kugawa walizoandika wengine, na nikitaka kuomba tena ni baada ya miaka mitatu, kama watakubali. Juni wenzangu watapata vibali. Nimeshawaazima daftari.

Nilitaka kukuambia tulifukie hili kopo na tunyamaze wote wawili. Nilikuwa nimeshaanza barua ya namna hiyo. Lakini unasema ameanguka mara tatu. Faili lake linasema uongo. Linasema mwili wake hauwezi dawa, kumbe mwili wake haujawahi kupewa kiwango sahihi hata wiki moja: mwanzo nusu, halafu mafuriko, na sasa matone. Kila daktari atakayelisoma ataogopa kumpa kinachomtosha, na kifafa kitaendelea kumla kilichobaki. Tabibu naye anajilaumu kwa kosa asilolijua.

Mimi siwezi kumwandikia tena. Karatasi yangu haina uzito. Ni lazima ukaseme wewe, kwa mdomo wako, ule ambao mama mkwe aliudaka. Nyumbani utakuta moto, najua. Huenda wakakurudisha kwetu, huenda wakakuzuia usimguse mtoto. Sina la kukuahidi. Dereva atakupa kopo pamoja na barua hii. Lipeleke.

Dada yako


Jumatano, tarehe 1 Aprili

Dada yangu,

Mwanao sasa hivi, nikimlaza chumbani, amenishika kidole akakiachia, akakishika tena. Sijui kama ni kushika au ni mkono tu unajikunja, nami sikuuliza mtu.

Nilikwenda Ijumaa, peke yangu, nimemwacha na bibi yake. Niliweka kopo juu ya meza ya tabibu kabla hata ya kumsalimu, maana nilijua nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Nikasema yote. Kidole pia nilikisema. Tabibu akavuta faili, akachukua rula, akapiga mstari juu ya yale maneno, taratibu, akaandika mapya chini yake. Akasema ataanza kumpandishia kidogo kidogo, wiki mbili mbili, na damu yake itapelekwa kupimwa dawa imefika wapi. "Na safari hii, Mama, hata ukimwaga tone sakafuni nataka kusikia." Akasema usingizi wa mtoto nao nimwambie, kwamba zipo dawa nyingine, angeweza kumbadilishia tangu mwezi wa kumi na moja. Tangu mwezi wa kumi na moja, Dada. Nilikuwa napaswa kusema tu.

Anaiandikia shule yenu. Nilimwambia dada yangu hataki utetezi. Akasema, "Si utetezi, ni faili. Faili halimpendi mtu." Sijui kama itakusaidia. Alisema usitegemee.

Mama mkwe nimemwambia leo mchana, nusu saa haijapita. Nilimwambia hapa uani tukiwa tumekaa na kapu la nguo kavu katikati yetu. Nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu mmoja, uko nyuma ya mlango, nikasema akinifukuza nisimkawize. Hakupiga kelele. Alikunja shati la Chiriku, akalikunjua, akalikunja. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwita gunia." Basi. Mpaka sasa hajaongeza neno, na shati bado ni lile lile. Mume wangu anarudi Jumamosi. Sijui yeye atasema nini, na sijui mama yake atasimama upande gani. Mfuko sijaufungua.

Chiriku ana siku ya tano na kiwango kipya. Tangu Jumapili hajaanguka. Nakataa kufurahi kwa sauti. Asubuhi huwa nasimama mlangoni pake naita kwa sauti nzito, "Mkwe! Maziwa yanamwagika!", nimejifunga taulo kichwani kama mjinga, ili aone inavyofanywa. Ananitazama. Jana nilidhani midomo imesogea. Mama mkwe alisema ni nzi.

Hata asiporudi mzima, Dada, nitamlea huyo atakayerudi. Wewe ukigawa dawa wodini usijione mdogo, maana nimejifunza kwamba mwenye kushika kijiko ndiye pekee anayejua kilichoingia mdomoni. Na ukija safari hii uniangalie usoni, hata kama ni kwa kunitukana, mimi

Subiri, naitwa. "Mkwe." Huyu mama hajamaliza kunyamaza mara hii ananitaka nini tena, na barua dereva anaingoja kesho. Lakini nimeinua macho, yuko hapa hapa mbele yangu, shati mikononi, mdomo kaufumba, naye ametoa macho ananitazama mimi, na sauti imetoka ndani, Dada, nzito, nusu imekatika, chumbani hakuna mtu mwingine, na inaita tena, ina